Mechi Zilizotufundisha Kuomba

Katika usharika wetu hapa Bilele kuna swali ambalo limeulizwa kwa miaka mingi, mara kwa mzaha, mara kwa dhati: je, ni halali Mkristo kumwomba Mungu timu yake ishinde? Vijana huliuliza Jumapili asubuhi wakiwa wamevaa jezi ndani ya shati. Akina mama huliuliza wakicheka, huku wakijua kabisa jibu wanalolitaka. Wazee hutazama juu ya dari. Sisi tunaoandika haya ni wapenzi wa mpira wa usharika huu, wanaume kwa wanawake, ambao tumekaa pamoja kwenye majukwaa na kwenye vibanda umiza tangu baadhi yetu tukiwa watoto. Hatukusomea theolojia. Tunachoweza ni kusimulia mechi ambazo hatujazisahau, na kueleza zilifanya nini katika sala zetu.

Kwa msomaji aliye mbali, Bilele ni kata ya katikati ya mji wa Bukoba, na kutoka kwetu hadi Uwanja wa Kaitaba watu huenda kwa miguu. Siku ya mechi kubwa wenzetu wa Muleba huingia mjini tangu asubuhi, na anayebaki nyumbani akimenya ndizi hujua matokeo kwa kelele za majirani kabla ya kuyasikia redioni. Kama Watanzania wengine tumegawanyika: huyu Simba, yule Yanga, na nyumba nyingine zimegawanyika hata chumbani. Lakini juu ya hayo yote tunayo timu ya nyumbani, Kagera Sugar, ambayo wakubwa hao wawili wakija Kaitaba hutulazimisha kuchagua moyo uko wapi.

Tuanze na Jumapili ya 20 Oktoba 2013, Simba na Yanga huko Dar es Salaam. Sisi tulikuwa kibandani, tumebanana kwenye mabenchi, wengi tukiwa tumetoka ibadani na kula chakula cha haraka. Hadi mapumziko Yanga walikuwa mbele kwa mabao matatu bila, Mrisho Ngassa moja na Hamis Kiiza mawili. Wapendwa wa Yanga waliimba mpaka mwenye kibanda akaomba wasimvunjie mabenchi. Mwanakwaya wetu mmoja wa Simba akasimama aende zake nyumbani. Mkewe, ambaye ni wa Yanga, akamshika jezi kwa nyuma: "Kaa, baba. Tulikuja pamoja, tutaondoka pamoja." Akakaa, kwa aibu zaidi kuliko kwa matumaini.

Kipindi cha pili Betram Mombeki akafunga. Joseph Owino akafunga. Zikiwa zimesalia dakika chache, Gilbert Kaze akasawazisha. Tatu kwa tatu. Yule mwanakwaya alilia, na mkewe naye akalia, kila mmoja kwa sababu yake, na kweli wakaondoka pamoja.

Katika maombi ya katikati ya wiki swali lile likarudi. Pande zote mbili zilikuwa zimeomba, tena zimeomba katika jengo moja, asubuhi moja, kwa jina lilelile. Mungu alimsikiliza nani? Mama mmoja akajibu, "Waliomba huku, wakaomba kule, Mungu akawagawia wote usiku mmoja wa kukosa usingizi." Tulicheka. Lakini jibu lake lilikuwa na uzito kuliko kicheko chetu. Mvua ya Mungu haichagui shamba, na wala baba mwenye watoto wawili hawezi kuombwa na mmoja amwaibishe mwingine, kisha akafurahia ombi hilo. Tangu siku hiyo tuliendelea kuomba kabla ya mechi, ila neno "tushinde" likawa linatoka kinywani polepole.

Miaka mitatu baadaye jambo lilitokea ambalo lilifanya mpira uonekane kitu kidogo sana. Jumamosi, 10 Septemba 2016, wakati wa alasiri, ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya kumi na tano walifariki. Nyumba zilianguka, nyingine zikabaki zimesimama kwa nyufa ambazo mkono wa mtu ungepita. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Hapa mjini familia nyingi zililala nje, chini ya maturubai, na mvua ikawakuta hukohuko. Kwa miezi kadhaa mtu akifunga mlango kwa nguvu, watoto walikimbilia nje. Hata sisi wakubwa tulikuwa tukikaa ibadani karibu na mlango.

Basi Jumapili ya 2 Aprili 2017, tukiwa katika Kwaresima, Simba wakaja Kaitaba. Simba walikuwa wakiukimbiza ubingwa na sisi tulikuwa watu wa nyumba zenye nyufa. Uwanja ulijaa. Mbaraka Yusuph akafunga, Edward Christopher akaongeza la pili, Simba wakarudisha moja kupitia Muzamiru Yassin, na tukahesabu dakika zilizobaki kama mgonjwa anavyohesabu saa za usiku. Ikaisha mbili kwa moja. Mama mmoja wa usharika, ambaye alikuwa bado analala chini ya turubai na wajukuu wake, alikuwa amekaa nasi. Alishangilia mpaka sauti ikakatika. Kesho yake akatuambia kwa kunong'ona, "Tangu Septemba koo langu lilikuwa la kulia tu. Jana nimelipa kazi nyingine."

Kilichofuata wengi wanakikumbuka. Yalitolewa malalamiko kwamba beki wetu mmoja alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati moja ikawapa Simba pointi tatu, kisha kamati nyingine ikazirudisha kwa Kagera Sugar. Msimu ulipokwisha Yanga na Simba walikuwa na pointi 68 kila mmoja, Yanga wakatwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Fikiria jinsi zile pointi zilivyouma. Wakati zikivutwa huku na kule mezani, tulimuuliza yule mama kama ana wasiwasi. Akasema yeye hana, kwa kuwa kile alichopata siku ile hakikuandikwa kwenye karatasi yoyote, na hakuna kamati inayoweza kumjia kumdai akirudishe.

Kuna wanaodhani furaha ya namna hiyo haifai kwa watu wa imani, hasa katika Kwaresima. Sisi tunaona vinginevyo. Tulikuwa tumeomba miezi saba tupate faraja, na tulitegemea ije kwa njia ya misaada, mabati na saruji. Baadhi ilikuja hivyo. Nyingine ilikuja kwa dakika tisini, na tukaitolea shukrani kama ile ya mabati.

Mwaka uliofuata ndipo ilipochezwa mechi ambayo hata wasiopenda mpira hapa kwetu huikumbuka. Ilikuwa Jumamosi, 19 Mei 2018, mkesha wa Pentekoste. Simba walikuwa wamekwisha kuwa mabingwa, na hawakuwa wamepoteza mchezo hata mmoja wa ligi msimu mzima. Sherehe ya kukabidhiwa kombe iliandaliwa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, mgeni rasmi akiwa Rais John Magufuli, na wageni wa kuchezeshwa ngoma walikuwa Kagera Sugar. Golini kwetu alikuwa Juma Kaseja, mtu aliyelinda goli la Simba kwa miaka mingi. Wengine wote tunaweza kusema hawakuwa wamealikwa kwenye picha.

Katika dakika za mwisho Edward Christopher, yuleyule wa Kaitaba, akafunga. Bilele ikalipuka, sufuria zikapigwa kwa miiko. Tukiwa bado tunapongezana, Simba wakapata penalti. Emmanuel Okwi akaenda kuipiga. Palikuwa kimya kiasi cha kusikia mtu akitafuna kahawa. Kaseja akaipangua. Ikaisha moja bila, na mabingwa wakapokea kombe lao siku hiyohiyo waliyofungwa.

Asubuhi ilikuwa Pentekoste na madhabahu yalikuwa yamevikwa nguo nyekundu, kama taratibu zinavyotaka. Wapendwa wa Simba wakasema angalau madhabahu yamewaonea huruma. Na kama ulivyokwisha kubashiri, wiki ile yote tulisikia habari za Daudi na Goliathi, kwenye mahubiri, kwenye jumuiya, hata sokoni.

Hapa tunaomba msomaji asimame nasi kidogo, maana hadithi ya Daudi ni tamu na ina hatari yake. Msimu uliofuata, wa 2018/19, Kagera Sugar iliwafunga Simba tena, nyumbani na ugenini, na Simba wakawa mabingwa tena. Timu ileile iliyowafunga mabingwa mara mbili ikamaliza ligi katika nafasi za chini, ikaponea kwenye mechi za mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza. Kama bao la Edward Christopher lilikuwa ushahidi kwamba Mungu yuko upande wetu, basi vipigo vyote vya msimu ule vilikuwa ushahidi wa nini? Kijana mmoja alituuliza hivyo kwenye kipindi cha Biblia, na hakuna aliyemjibu haraka. Mhubiri aliona zamani kwamba mwenye kasi hapati ushindi kila mara. Hakusema kwamba asiye na kasi ndiye mpendwa wa Mungu. Ushindi ni ushindi, unaufurahia na kuushukuru. Ukianza kuutumia kama hati ya kwamba Mungu anakupenda kuliko jirani, siku ukifungwa utaanza kudhani amekuacha. Na sisi watu wa tetemeko tulikwisha kusikia maneno ya namna hiyo yakisemwa juu ya walioangukiwa na nyumba. Tulijua yanavyoumiza.

Katikati ya msimu huohuo ikaja mechi ambayo kwa ajili yake tumeandika haya yote: Tanzania na Uganda, Jumapili ya 24 Machi 2019.

Nchi yetu ilikuwa haijacheza fainali za Mataifa ya Afrika tangu mwaka 1980, zilipofanyika Nigeria. Tulifika huko kwa bao la Peter Tino kule Zambia mwaka 1979. Miaka 39 ilipita. Sasa Taifa Stars ya kocha Emmanuel Amunike ilihitaji kuifunga Uganda, na hata hiyo haikutosha. Ilibidi Lesotho, walioturarua moja bila kule Maseru mwezi Novemba, wasishinde ugenini kwa Cape Verde saa hiyohiyo. Uganda walikuwa wamekwisha kufuzu.

Kwa mtu wa Dodoma au Lindi, Uganda ni jirani. Kwa mtu wa Kagera ni neno lenye vyumba vingi. Mapadre wa kwanza waliofika Kashozi mwaka 1892 walitokea Buganda. Wazee wetu wa Kilutheri nao walikuwa wamejifunza kusoma Neno kwa Kiganda kabla wamisionari wa Betheli hawajafika mwaka 1910. Imani yetu ilivuka mpaka kutoka upande ule. Na Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilivuka mpaka uleule zikaja kupiga mabomu hapa Bukoba, na askari wake wakaingia mpaka Mto Kagera, wakaua, wakapora ng'ombe, wakakiharibu kiwanda cha sukari, kile kile ambacho baada ya miaka mingi kilifufuliwa na kutupatia timu tunayoishangilia. Nchi iliyotuletea Injili ndiyo iliyotuletea mabomu.

Tuna mzee mmoja usharikani, hatutamtaja jina, ambaye alizaliwa ng'ambo ya mto, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Misenyi. Mwaka 1978 alikuwa kijana. Aliuvuka mto akikimbia, kaka yake mkubwa hakuvuka. Katika sala za kuombea mataifa mzee huyu alikuwa na desturi ambayo sote tuliijua na hakuna aliyewahi kuiuliza. Aliombea Rwanda, akaombea Burundi, akaombea Kongo, kisha akanyamaza kidogo, kisha akasema amina. Miaka arobaini aliiruka nchi moja.

Asubuhi ile ya Jumapili vijana walimwendea mchungaji wakamwomba Stars waombewe mwisho wa ibada. Mchungaji akakubali, akasema atachagua mwenyewe wa kuomba. Akamwita yule mzee. Tukatazamana. Katika safu ya tatu ya kwaya alikuwa amekaa dada yetu mmoja aliyeolewa hapa Bilele, kwao ni Masaka. Alikuwa ameinamisha kichwa tangu vijana waliposimama.

Mzee alitembea polepole hadi mbele. Alinyamaza kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaanza kuomba, na sala yake haikuwa ndefu. Aliomba miguu ya vijana wote watakaocheza jioni isivunjike. Aliomba mama zao, wa huku na wa kule, wawapate wazima. Akaomba mwamuzi asiogope. Kisha akasema, "Na kwao huyu binti yetu anayetuimbia, Bwana, kule Uganda, wape jioni njema." Alilitamka jina hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini. Halafu akasema amina. Hakuomba ushindi.

Hatujui ni nini kilikuwa kimetendeka ndani yake, na hakutuambia. Tunachojua ni kwamba yule dada alilia, na baada ya ibada alimpigia magoti kumsalimu kama kwao wanavyosalimu wakubwa, na mzee akamwambia, "Waitu, inuka, utachafua gauni."

Jioni tulikuwa mbele ya runinga sote, na dada naye alikuwepo, amevaa jezi ya njano ya kwao, na hakuna aliyemsumbua. Simon Msuva akafunga kipindi cha kwanza. Baada ya mapumziko Erasto Nyoni akafunga kwa penalti, kisha Aggrey Morris akaweka la tatu kwa kichwa. Tatu bila. Lakini tulikuwa hatujafuzu. Macho yalikuwa kwenye runinga na masikio yalikuwa kwa vijana wenye simu: Cape Verde na Lesotho bado ni sifuri kwa sifuri. Kazi yetu ilikuwa imekwisha, na hatima yetu ilikuwa mikononi mwa watu tusiowajua, katika kisiwa cha bahari ya mbali, ambao hawakujua kama Bilele ipo. Watu wazima walikuwa wameshikana mikono. Kisha kijana mmoja akapiga kelele, imeisha, sifuri kwa sifuri.

Hatukuwahi kuona furaha kama ile mjini hapa. Lakini waliokuwepo, ukiwauliza usiku ule wanakumbuka nini, wengi hawaanzi na bao la Msuva. Wanaanza na mzee kumshika mkono dada wa Masaka na kumwambia, "Ninyi mmekwisha kufuzu. Tutaonana hukohuko."

Stars walikwenda Misri wakafungwa mechi zote tatu, na Senegal, na Kenya, na Algeria. Mwaka 2025 Kagera Sugar ikashuka daraja. Wengine walituuliza kama sasa tutatafuta timu nyingine. Tuliwajibu kwamba tulipokuwa chini ya maturubai hawakututafutia watani wengine. Timu yetu tutaifuata ilipo. Na fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 wamepewa Kenya, Uganda na Tanzania waziandae pamoja, jambo ambalo mtu aliyeuvuka mto mwaka 1978 asingeliota.

Swali la mwanzo bado vijana wanatuuliza, na sasa tunalo la kuwajibu. Ukitamani timu yako ishinde, mwambie Mungu kwamba unatamani, kwa kuwa anajua tayari na hapendi kudanganywa. Kisha ombea miguu ya wote, na mama za wote, na mwamuzi, na nyumba ya yule atakayefungwa, maana huenda ikawa nyumba yako. Na kama kuna nchi, au jirani, au ndugu ambaye kwa miaka mingi umekuwa ukimruka katika sala zako, usingoje mechi. Mzee wetu sasa humtaja kila Jumapili. Rwanda, Burundi, Kongo, Uganda, amina.